Namna ya kutafuta vinasaba vya unene katika taifa zima, kwa mfano wa Samoa

Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Samoa walitangaza badiliko la herufi moja ya DNA kwenye jeni iitwayo CREBRF, katika kromosomu ya 5. Kila nakala ya badiliko hilo huambatana na ongezeko la BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa mraba wa kimo cha mita) la kati ya 1.36 na 1.45. Kwa mtu mwenye kimo cha mita 1.70 hizo ni kama kilo 4, na kama kilo 8 kwa aliyelirithi kwa baba na kwa mama pia. Tafiti za Ulaya zilizopima malaki ya watu hazikuliona, kwa sababu huko karibu halipo kabisa. Samoa lilionekana kwa kupima watu wazima 3,072 tu.

Jambo hilo ndilo linaloongoza maelezo haya. Orodha ya vinasaba vya unene iliyotengenezwa London au Boston haiwezi kubebwa ikatumika popote. Anayetaka kujua hatari ya kurithi unene katika taifa lake lazima alipime taifa lake, tena kwa uangalifu, maana makosa madogo ya mzani na futi yanatosha kumeza kile anachokitafuta. Zifuatazo ni hatua za kazi hiyo kwa wanafunzi wa afya ya jamii, wauguzi wa utafiti na wataalamu wa takwimu.

Nani apimwe, na wangapi

Usichukue wagonjwa wa kliniki ya kisukari au shinikizo la damu kwa sababu tu wanapatikana kirahisi. Kisukari kikikomaa hupunguza uzito, dawa huubadilisha, na wanaofika kliniki si picha ya taifa. Samoa walipita katika vijiji 33 vya visiwa vya Upolu na Savai'i, mjini Apia na mashambani. Walichukua watu wa miaka 24.5 hadi chini ya 65, na kila mshiriki alipaswa kuwa na babu na bibi wote wanne Wasamoa. Sharti hilo la mwisho linapunguza mchanganyiko wa nasaba, ambao ni mtego tutakaourudia. Kikomo cha chini cha umri kinakwepa miaka ambayo mwili bado unakua, na cha juu kinakwepa kukonda kwa uzee.

Idadi ya washiriki hukokotolewa kabla ya kuomba fedha. Unahitaji namba tatu: p ni sehemu ya nakala za jeni katika jamii zenye herufi ya hatari, b ni ongezeko la BMI kwa nakala moja, na s ni mkengeuko sanifu wa BMI, yaani jinsi watu wanavyotawanyika kuzunguka wastani. Sehemu ya tofauti za BMI inayoelezwa na badiliko hilo ni:

2 × p × (1 − p) × b² ÷ s²

Gawanya 40 kwa jibu hilo. Utapata idadi ya watu inayokupa nafasi ya asilimia 80 ya kuliona badiliko kwa kizingiti kikali cha jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu. Kwa CREBRF, p ni 0.259 na b ni 1.36, tukichukua s kuwa 6.5, jibu ni takriban 0.017, yaani watu kama 2,400. Sasa chukua FTO, jeni maarufu ya unene iliyotangazwa mwaka 2007 kutokana na vipimo vya Wazungu 38,759. Ukiweka p ya 0.4, b ya 0.39 na s ya 4.7, unapata 0.0033, yaani watu 12,000 hivi. Ndiyo maana timu yenye watu 3,000 iliweza kufaulu Samoa, na ndiyo maana timu yenye watu 800 popote pale inajiandalia kutopata kitu, au kupata kitu cha uongo.

Ruhusa zianze mapema kuliko unavyodhani. Tanzania utahitaji kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na mtafiti wa kigeni atahitaji pia kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Uganda pia ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa, pamoja na UNCST, baraza la taifa la sayansi. Sampuli zikivuka mpaka, mkataba wa kuhamisha sampuli usainiwe kabla chupa ya kwanza haijajaa. Fomu ya ridhaa itamke wazi mambo manne: DNA itahifadhiwa muda gani, nani mwingine ataitumia, kama mshiriki atapewa majibu yake, na jinsi ya kujitoa. Fomu isiyotaja matumizi ya baadaye itakulazimu kuwarudia watu wote, mmoja mmoja, miaka mitano baadaye.

Mzani na kimo ndiko utafiti unakovunjikia

Wengi hutumia fedha nyingi maabara na kumwachia upimaji wa mwili kijana aliyefundishwa asubuhi ile ile. Tazama hesabu hii. Mtu wa kilo 80 mwenye kimo cha mita 1.65 ana BMI ya 29.4. Kimo kikisomwa mita 1.63 kwa sababu aliinamisha kichwa, BMI inakuwa 30.1, na mtu amehamishwa kwenye kundi la wenye unene uliopitiliza. Kosa hilo la sentimita 2 limezaa tofauti ya 0.7, karibu mara mbili ya nguvu ya nakala moja ya FTO. Makosa ya namna hii yakitawanyika ovyo yanafifisha ishara unayoitafuta. Yakifuata kijiji fulani au mpimaji fulani, yanaweza kuzua ishara isiyokuwepo.

Kwa hiyo pima hivi. Mzani wa kidijitali uwekwe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Juu ya mkeka au udongo hausomi sawasawa. Kila asubuhi uhakikiwe kwa jiwe la mzani linalojulikana, la kilo 20 kwa mfano, na matokeo yaandikwe kwenye daftari. Mshiriki avue viatu, atoe simu, funguo na mkanda, abaki na nguo nyepesi. Soma hadi kilo 0.1. Kimo kipimwe kwa kibao maalumu chenye kitelezi: visigino, makalio na mabega viguse kibao, na ukingo wa chini wa tundu la jicho ulingane usawa na tundu la sikio. Soma hadi sentimita 0.1. Waliosuka au kufunga nywele juu, kitelezi kikandamize hadi kiguse fuvu. Pasipowezekana, andika hivyo na usikisie. Kila kipimo kichukuliwe mara mbili. Vikipishana zaidi ya sentimita 0.5 au kilo 0.2, pima mara ya tatu, kisha tumia wastani wa viwili vinavyokaribiana.

Kiuno kipimwe katikati ya mbavu ya mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida. Usikiache, maana BMI haitofautishi mafuta na misuli. Kwa Wapolinesia jambo hili lilikuwa zito kiasi kwamba timu ya Samoa ilitumia mipaka ya 26 na 32 badala ya 25 na 30 ya kimataifa, kwa kuwa kwa BMI ile ile Wapolinesia huwa na misuli mingi na mafuta pungufu kuliko Wazungu. Ukiwa na uwezo wa kupima mafuta ya mwili kwa mashine, hata kwa sehemu tu ya washiriki, fanya hivyo.

Wajawazito, waliojifungua ndani ya miezi 6, wenye uvimbe wa maji mwilini na waliokatwa viungo wasiingie kwenye uchambuzi wa BMI. Dodoso liulize dawa kwa majina: steroidi, insulini, olanzapine (dawa ya magonjwa ya akili) na sindano za uzazi wa mpango. Dolutegravir isisahaulike Afrika Mashariki. Watu wengi wanaoishi na VVU sasa wanaitumia, na imeonekana kuongeza uzito, hasa kwa wanawake weusi. Kwa upande mwingine, uliza kuhusu kifua kikuu na saratani, magonjwa yanayokondesha.

Damu hadi DNA

Mililita 4 za damu kwenye chupa yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau, zinatosha. Ipindue taratibu mara 8 hadi 10 mara tu baada ya kutoa. Isipochanganywa hufanya mabonge na DNA hupungua. Usitumie chupa ya kijani yenye heparini, kwa sababu heparini huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA na sampuli zako huenda zisisomeke kwenye mashine. Weka kwenye boksi la baridi la nyuzi 4 na uifikishe maabara mapema; kwa kuhifadhi muda mrefu, friza ya nyuzi −80. Mahali pasipo na umeme wa uhakika, mate kwenye kikopo chenye dawa ya kuhifadhi hukaa wiki nyingi bila baridi, ila yana DNA ya bakteria na huhitaji mshiriki asiwe amekula wala kunywa kwa nusu saa. Kama unataka pia sukari ya kufunga, mshiriki awe hajala kwa saa 8 hadi 10; panga ziara alfajiri, kabla watu hawajakwenda shamba.

Ukikamua DNA, uwiano wa usomaji wa mwanga wa nanomita 260 na 280 uwe kati ya 1.8 na 2.0. Chini ya hapo kuna protini.

Sasa sahani ya vishimo 96, ambamo sampuli za DNA huwekwa ili zisomwe. Wanene na wembamba, wanaume na wanawake, kijiji hiki na kile, wote wachanganywe kwa bahati nasibu katika kila sahani. Ukipanga sahani za kwanza kwa watu wa mjini na za mwisho kwa watu wa kijijini, hitilafu yoyote ndogo ya siku ile maabara itageuka kuwa "jeni ya unene". Kosa hili halirekebishiki baadaye kwa takwimu yoyote. Rudia asilimia 1 au 2 ya sampuli kwa namba tofauti ili uone kama mashine inatoa jibu lile lile.

Kusoma herufi na kuchuja

Chipu ya DNA husoma mahali laki kadhaa hadi milioni chache kwenye jenomu. Kwa Waafrika chaguo la chipu lina uzito wake: jamii za Kiafrika ni za kale zaidi, vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, hivyo alama chache zilizochaguliwa kwa Wazungu haziwakilishi majirani zake. Chipu ya H3Africa, mradi wa utafiti wa jenomu za Waafrika, yenye alama zipatazo milioni 2.3, iliundwa kwa sababu hiyo. Baada ya kusoma, programu hujazia herufi ambazo hazikusomwa kwa kulinganisha na jenomu kamili za watu wa nasaba ya karibu. Utafiti wa Uganda wa Kyamulibwa, uliochapishwa mwaka 2019, ulikusanya data za DNA za watu wapatao 6,400, kati yao karibu 2,000 wakisomwa jenomu nzima. Data kama hizo ndizo zinazoboresha ujaziaji kwa jamii zetu.

Kabla ya uchambuzi, chuja kwa PLINK au programu inayofanana nayo:

- ondoa mtu ambaye zaidi ya asilimia 3 ya herufi zake hazikusomeka;
- ondoa mtu ambaye jinsia ya DNA yake haiafikiani na ya dodoso, kwa kuwa mara nyingi maana yake ni chupa zilizobadilishana;
- ondoa alama iliyokosa kusomeka kwa zaidi ya asilimia 2 hadi 5 ya watu;
- ondoa alama ambayo mgawanyo wa nakala zake uko mbali mno na matarajio, kwa kizingiti cha thamani ya p (uwezekano kwamba ni bahati tupu, si ile p ya sehemu ya nakala) chini ya 0.000001;
- weka kando alama ambazo herufi yake adimu iko kwenye chini ya asilimia 1 ya nakala, isipokuwa kama una watu wengi sana.

Kipengele cha nne kinaeleweka kwa mfano. Kwa CREBRF yenye p ya 0.259, unatarajia kama asilimia 55 ya watu wasiwe na nakala, 38 wawe na moja, na 7 wawe na mbili. Ukikuta asilimia 30 wana mbili, mashine imesoma vibaya.

Mtego wa nasaba na mji

Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Tuseme watu wa Pwani wengi wanaishi mjini, wanakula chipsi na kupanda bodaboda, na wana uzito mkubwa kuliko watu wa bara wanaolima. Tuseme pia kuna herufi fulani ya DNA, isiyohusiana na uzito hata kidogo, ambayo kwa sababu ya historia imekuwa nyingi zaidi Pwani. Uchambuzi usio makini utaitangaza herufi hiyo kuwa ya unene, na thamani ya p itakuwa ya kuvutia kabisa.

Kinga ni mbili, na zote zinahitajika. Kwanza, kokotoa mihimili mikuu ya nasaba (namba zinazoonyesha asili ya kila mtu) kutoka kwenye DNA yenyewe na uweke angalau 10 kwenye modeli. Pili, tumia modeli mseto, kama ya programu za GCTA au REGENIE, inayozingatia undugu kati ya washiriki. Kijijini utapima mtu, shangazi yake na binamu zake. Ukiwahesabu kama watu wasiojuana, uhakika wako unakuwa wa bandia. Samoa, nchi ya visiwa yenye koo zinazooana, haikuwezekana kufanya kazi bila hatua hii. Ongeza pia makazi ya mjini au kijijini, elimu na kazi kama vigezo vya kando, kisha linganisha matokeo kabla na baada. Badiliko ambalo nguvu yake inayeyuka ukiweka "mjini" lishuku.

Modeli kuu iwe na BMI kama namba kamili. Kuwagawa watu kuwa wanene na wasio wanene kunatupa taarifa nyingi, maana mwenye 30.1 anahesabiwa sawa na mwenye 45. Rekebisha kwa umri, umri mraba na jinsia. Kizingiti cha ushahidi ni thamani ya p chini ya 5 × 10⁻⁸, kwa kuwa unajaribu mahali kama milioni moja panapojitegemea. Angalia pia lambda, kipimo cha jumla cha kuvimba kwa matokeo: ikiwa 1.0 hadi 1.05, endelea, ikizidi 1.1 kwa sampuli ya watu elfu chache, rudi kwenye nasaba na sahani.

Kisha rudia kwa watu wengine. Nguvu inayoonekana mara ya kwanza huwa imekuzwa na bahati, kwa sababu umechagua washindi tu. Timu ya Samoa ilithibitisha matokeo yake kwa watu wazima 2,102 wengine wa Samoa na Samoa ya Marekani, na baadaye wengine wakayakuta kwa Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki waishio New Zealand. Bila kurudia, usiandike neno "jeni ya" popote.

Kusoma matokeo bila kuwapotosha watu

Uwiano wa uwezekano (odds ratio) si idadi ya watu. Utafiti wa FTO wa 2007 ulitoa 1.67 kwa wenye nakala mbili, namba inayosomwa kirahisi kana kwamba hatari inapanda kwa asilimia 67. Fanya hesabu: kama wasio na nakala wenye unene uliopitiliza ni asilimia 20, uwezekano wao ni 20 kwa 80, yaani 0.25. Zidisha kwa 1.67 upate 0.4175, kisha gawanya kwa 1.4175. Ni asilimia 29.5. Kutoka 20 hadi 29.5 ni tofauti ya kweli, lakini wengi kati ya wenye nakala mbili hawajafikia unene huo. Ripoti iandike namba zote mbili, pamoja na kilo.

Urithi wa asilimia 40 hadi 70 unaotajwa na tafiti za mapacha nao husomwa vibaya. Unaeleza tofauti kati ya watu ndani ya jamii moja, kwa wakati ule, kwenye mazingira yale. Haumaanishi kwamba nusu ya kilo za mtu zimetoka kwa wazazi, na hausemi kwa nini taifa zima limenenepa. Samoa inaonyesha hili waziwazi kuliko mahali pengine. Mwaka 2003, wenye uzito uliozidi au unene uliopitiliza kwa mipaka ya Kipolinesia walikuwa asilimia 68 ya wanaume na 84 ya wanawake. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 80 na 91. Ndani ya miaka saba CREBRF haikubadilika. Kilichokuwa kikibadilika ni chakula na kazi: vyakula vya kuagizwa vyenye mafuta mengi vilijaa kiasi kwamba mwaka 2007 serikali ilipiga marufuku mikia ya bata mzinga, katazo lililoondolewa kutokana na Samoa kujiunga na Shirika la Biashara Duniani. Jeni inasaidia kueleza kwa nini jirani mmoja ni mzito kuliko mwenzake. Kupanda kwa taifa kunaelezwa na soko na mwendo wa maisha.

Usidhani pia kwamba kila jeni ya uzito ni jeni ya ugonjwa. Wenye badiliko la CREBRF wana BMI kubwa zaidi lakini hatari ndogo zaidi ya kisukari kuliko wenzao. Mpango wa afya utakaowapanga watu kwa jeni hiyo na kuwaita wenye nakala mbili kwanza kwa uchunguzi wa kisukari utakuwa umegeuza foleni.

Alama za jumla za hatari, zinazojumlisha mabadiliko mengi madogo, zitumiwe kwa tahadhari kubwa. Alama ya mabadiliko milioni 2.1 iliyochapishwa mwaka 2019 ilitenganisha watu wa umri wa kati wa sehemu ya kumi ya juu na ya chini kwa kilo 13, lakini hao walikuwa zaidi Wazungu. Uchambuzi mwingine wa mwaka huo ulionyesha kwamba alama zilizotengenezwa kwa Wazungu hupoteza usahihi kwa wastani wa mara 4.5 zikitumiwa kwa watu wa nasaba ya Kiafrika. Kampuni ikimuuzia mtu wa Mwanza au Mombasa kipimo cha mate chenye "hatari yako ya unene", aiulize kwanza: alama hii imejaribiwa kwa Waafrika wangapi, na ilieleza asilimia ngapi ya tofauti zao za BMI? Jibu lisipokuwepo, fedha hiyo inunue mzani.

Hatari ya kurithi pia haijafungwa. Kwa watu wazima 218,166, nguvu ya FTO juu ya unene uliopitiliza ilikuwa pungufu kwa asilimia 27 kwa wanaofanya mazoezi au kazi za mwili. Weka maswali ya mwendo na kazi kwenye dodoso lako ili uweze kupima jambo hilo kwa watu wako.

Kuhusu majibu ya mtu mmoja mmoja, amueni kabla ya kukusanya damu. Nakala ya FTO au CREBRF haibadilishi ushauri wa daktari, hivyo kumpa mtu jibu hilo peke yake kunaweza kumkatisha tamaa bure. Mabadiliko yanayovunja kazi ya MC4R, jeni inayosaidia ubongo kudhibiti njaa, ni tofauti. Katika kundi la watoto wa Bristol, Uingereza, lililofuatiliwa tangu kuzaliwa, walio nayo walikuwa kama 3 kwa kila 1,000, na wakifika miaka 18 walikuwa wazito kwa karibu kilo 18 kuliko wenzao. Mtu aliyekuwa mnene tangu kabla ya miaka 5, asiyeshiba na mwenye ndugu wa namna hiyo, apelekwe kwa mtaalamu wa homoni, na jibu lake lithibitishwe kwa sampuli mpya ya damu kwenye maabara ya tiba kabla ya kutajiwa. Kwa wengine wote, mpe kila mshiriki palepale kikadi chenye uzito, kimo, kiuno, shinikizo la damu na sukari yake, na rufaa iliyoandikwa ikiwa kimojawapo kimevuka mpaka.